Kebo ya Tundu la Thelathini na Moja

Kazini waliniita Mama Lebo, na wala sikuwakataza. Chumba cha mitambo kilikuwa changu: makabati sita, kila kabati na paneli zake, kila paneli na matundu arobaini na nane ya faiba. Humo zinachomekwa kebo za njano, nyembamba kama tambi, na kila moja imebeba maongezi ya watu. Chomoa moja tu usiyoijua, mtaa mzima unabaki kusema halo peke yake.

Ndiyo maana nilikuwa mkali, na siombi radhi kwa hilo. Kebo ilitakiwa iwe na lebo ncha zote mbili: inatoka wapi, inakwenda wapi, nani kaichomeka, lini. Sheria niliibandika mlangoni mwenyewe, kwa herufi kubwa: KEBO ISIYO NA LEBO NI MAITI. CHOMOA.

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, nilimwingiza mimi pale. Fundi mtaratibu, mtu wa maneno machache. Nikimgombeza alikuwa anacheka tu.

"Shemeji, siku ukifa tutakubandika lebo mbili, kichwani na miguuni."

"Tangulia wewe," namjibu, "nikuonyeshe zinavyobandikwa."

Jumanne ile ilikuwa siku ya usafi wa paneli. Siku hiyo kengele za hitilafu huzimwa, maana kila dakika kuna kitu kinachomolewa. Mimi nilikuwa ofisini juu. Saa nne asubuhi shemeji akafika kabati la nne, tundu la thelathini na moja, akakuta kebo haina lebo huku wala kule. Akafanya nilivyoandika mlangoni.

Ilikuwa laini ya dharura ya hospitali. Ilikaa imekatika dakika arobaini. Mama mmoja alipiga mara kumi na moja, mumewe amekaa sakafuni ameshika kifua. Gari la wagonjwa lilipofika, alishamfunika shuka.

Niliposhuka na kuambiwa ni tundu gani, niliikumbuka kebo yenyewe. Miezi saba nyuma tundu la zamani la hospitali lilianza kusumbua, nikaihamishia laini yao pale kwa muda. Utepe wa mashine ya lebo ulikuwa umeisha. Nikasema nitaibandika kesho. Daftarini nako nikasema kesho. Mimi, niliyewahi kumtoa fundi machozi mbele ya wenzake kwa sababu ya tarehe iliyofutika, nilisahau miezi saba.

Alhamisi tukaitwa mbele ya meneja. Tukiwa tunasubiri koridoni shemeji alinisogelea.

"Ule mkanda wa kufungia ile kebo umezungushwa mara mbili, mkia umeangalia chini," akasema taratibu. "Mle ndani anayefunga hivyo ni mmoja."

"Nitawaambia," nikasema.

Nilimaanisha. Naapa nilimaanisha.

Ndani tulimkuta mjane amekaa pembeni na simu yake mapajani, ile ile aliyopigia. Meneja hakunipa hata nafasi ya kuvuta pumzi.

"Lebo haikuonekana mahali popote," alisema. "Lakini sote tunamjua Mama Lebo. Miaka kumi na nne hajawahi kuacha kebo bila lebo. Kama haipo, basi kuna aliyeing'oa, au ilidondoka baada ya kuchomolewa. Fundi, nakuuliza wewe. Lebo ilikuwepo au haikuwepo?"

Shemeji hakumwangalia meneja. Aliniangalia mimi. Alinisubiri, na nilijua kabisa ananisubiri. Maneno nilikuwa nayo, yamefika mpaka kooni. Halafu nikasikia tena ile miaka kumi na nne, ikanilegeza, nikainamisha uso nikaangalia meza.

"Ilikuwepo," shemeji akasema. "Sikuisoma. Nilikuwa na haraka."

Mjane akainua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Haraka ya nini, baba?"

Jibu la hilo angelitoa wapi?

Unga wake ulimwagika pale pale, akafukuzwa kazi, na faili likapelekwa polisi. Jioni ile nilibandika lebo tundu la thelathini na moja, ncha zote mbili. Ya kwanza ilikaa upande, nikaing'oa nikaweka nyingine. Hata siku hiyo sikuvumilia lebo iliyokaa upande.

Jumamosi nilikwenda kwao. Nilijiambia nakwenda kusema ukweli. Nikamkuta mdogo wangu anamsema mumewe, na nilivyoingia hakupunguza sauti.

"Dada kakutafutia kazi. Kakuandikia kila kitu, mwanzo wa waya na mwisho wa waya. Kazi yako ilikuwa kusoma tu. Kusoma nako kumekushinda? Mtu wa watu amekufa."

Shemeji alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Nilikuwa nimekaa karibu yake kiasi cha kumgusa bega.

Mdogo wangu akanigeukia, macho yamemjaa machozi, akanishika mikono yote miwili.

"Dada, nakuomba umsamehe kwa aibu aliyokutia."

Shemeji akaacha kukoroga.

"Nimeshamsamehe," nikasema.

Akaweka kijiko mezani, akainuka, akatoka nje.