Toa Yote, Shemeji

Mimi ni mpiga picha za mapafu hospitalini, na mdomo wangu hauna breki. Seremala mmoja alipoletwa kwangu mara ya kwanza, wiki chache baada ya kupandikizwa mapafu ya mtu mwingine, tulitaniana mpaka tukaitana shemeji. Manesi walimpachika jina Injini Mpya.

Sheria yetu ni moja: majibu hutoa daktari, mimi nafunga bakuli langu. Lakini kila picha ilipokuwa safi nilimfukuza: "Toka hapa, utanivunjia mashine kwa hiyo sura!" Alikuwa akifika mlangoni anamwambia mkewe, "Nimetukanwa, mama! Niko salama." Miaka miwili hivyo, na sikuwahi kufikiri kwamba tusi nalo ni jibu.

Jumanne hii alipanda kitanda cha mashine akihema. "Vumbi la mbao tu," akasema.

"Nani kakuruhusu kushika randa, mzee mzima wewe?" Nikaingia kwenye chumba changu cha kioo, nikabonyeza kipaza sauti. "Vuta pumzi. Shikilia." Picha ikatoka vizuri. "Sasa toa yote, usivute."

Mtu akitoa pumzi, mapafu kwenye picha hugeuka kijivu. Yake yalibaki na mabaka meusi, hewa imenasa ndani haina pa kutokea. Nikajidanganya kwamba hakutoa vizuri. "Toa yote, shemeji, acha uchoyo!" Akatoa mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Mabaka yakabaki palepale. Nimeyaona kwa wengine waliopandikizwa: mwili umeanza kumkataa mgeni wake, na mgeni huyo harudi tena alivyokuwa. Jamani, niliumia.

Nilitoka nikiwa nimejipanga kumtukana, haki ya Mungu. Nikafungua mdomo. "Pole, shemeji. Shuka taratibu. Daktari atakuita."

Akanitazama. Akafunga vifungo vya shati, kimoja akakikosea tundu.

"Nitukane basi," akasema kwa sauti ya chini.

Nilijaribu. Mimi, mwenye mdomo huu! Neno halikuja, machozi ndiyo yaliyokuja, nikageuka nikajifanya nakunja shuka.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake. "Vipi baba, umetukanwa?"

"Wee! Leo nimetukanwa mpaka basi," alisema seremala.

Mkewe akacheka, akanipungia mkono, akanishukuru.