Abiria wa Nyuma Kushoto

Jumanne moja ya Agosti, saa nne asubuhi, Shee alishuka ngazi kutoka chumba chake cha ghorofa ya pili River Road, kompyuta kwapani na waya mfupi mkononi. Chini ya chumba hicho kuna duka la rangi na misumari, na mbele ya duka lilikuwa limeegeshwa gari jeusi la Kijerumani la mwaka 2005, la aina waliyokuwa wakipanda mawaziri zamani. Mwenye mkokoteni wa mabomba alikuwa akilizunguka kwa uangalifu, akisukuma nusu hatua kwa nusu hatua.

Shee alizaliwa Lamu, na kazi yake ilikuwa kufungua vitu ambavyo kiwanda kilivificha. Magari ya aina hiyo yanajua mengi kuliko yanayosema. Dashibodi ni ileile kwa kila mnunuzi, lakini kuna kurasa ambazo hufungwa kabla gari halijatoka kiwandani: joto la oili, nguvu ya betri, mwendo halisi. "Mimi siongezi kitu," aliwaambia wateja. "Kitu kimo ndani. Kimefungwa tu." Kurasa zenyewe alikuwa amezitafsiri kwa Kiswahili, kazi iliyomchukua Ramadhani mbili.

Mwenye gari aliitwa Muigai, mpimaji ardhi mstaafu aliyeishi Parklands na mkewe. Alikuwa amesikia habari za Shee kanisani.

"Nataka kuona joto ya oili," alisema. "Na hiyo betri. Hii kengele ya mkanda nayo imenishinda. Inalia tangu Aprili. Wamebadilisha sensa ya kiti mara mbili."

Shee aliketi kiti cha mbele kando ya Muigai, akachomeka waya chini ya usukani. Kengele ilikuwa ikilia polepole, kama mtu anayegonga mlango huku akijua wenyewe wapo. Kurasa zilifunguka moja baada ya nyingine. Joto la oili lilikuwa digrii tisini. Betri ilikuwa nzima. Ukurasa wa saba ulikuwa wa abiria, nao ulisema hivi:

Mbele kulia: Muigai, kilo 84. Mbele kushoto: Shee, kilo 61. Nyuma kushoto: Nzula, kilo 53. Hajafunga mkanda.

"Nzula ni nani?" Shee aliuliza.

"Ni mama alikuwa anatufanyia kazi kwa nyumba. Miaka ishirini na tatu. Alikufa Aprili."

Shee aligeuka akatazama. Ngozi ya kiti, ya rangi ya maziwa, ilikuwa imebonyea kidogo.

"Basi sensa haina ila, mzee. Ni mkanda tu haujafungwa."

Muigai alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akauvuta mkanda taratibu na kuuchomeka mahali pake. Mkanda ulikaza hewani, kwa kimo cha mwanamke mfupi mwenye tumbo dogo. Kengele ikanyamaza.

"Pole, Nzula," Muigai alisema, akafunga mlango bila kuubamiza.

Aliporudi kwenye usukani, ukurasa ulikuwa umeongeza mistari miwili. Safari alizobebwa: 0. Safari alizopitwa: 611. Shee alijua hakuandika neno "alizopitwa" katika tafsiri yake, lakini lilikuwa limeandikwa bila kosa, akaliacha. Alibonyeza, orodha ikafunguka. Ilikuwa na tarehe, saa, jina la barabara na hali ya hewa. Ya mwisho ilikuwa ya tarehe tisa Aprili, saa mbili asubuhi, mvua kubwa, mita mia saba kutoka hospitali.

Muigai aliisoma hadi mwisho.

"Hiyo siku naikumbuka," alisema. "Alikuwa ameomba ruhusa aende hospitali. Mimi nilikuwa naenda benki. Nikampigia honi, kumsalimia. Akainua mkono."

"Hukusimama?"

"Nilikuwa nimeoshewa gari." Alifuta kioo cha saa yake kwa kidole gumba. "Ni yeye alikuwa ameiosha."

Aliondoka akiendesha polepole, akizunguka kila shimo.

Siku ya pili yake alikuja mkewe, Waceke, akiendesha gari hilo peke yake. Aliwahi kuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na alipanda zile ngazi bila kushika ukuta.

"Ni wewe fundi ulifungua gari ya mzee?"

"Ni mimi, mama. Karibu ukae."

"Sikai. Nataka uifunge vile ilikuwa."

Shee alimweleza kwamba ukurasa angeweza kuufunga, dakika tano tu. Abiria ndiye asingeweza kumtoa. Nzula angeendelea kuwemo, na mkanda ukifunguka kengele italia, na hakuna atakayejua ni kwa nini.

Waceke alikaa.

"Hatukuwa watu wabaya," alisema. "Alikula chakula tulichokula. Watoto wake tuliwanunulia vitabu mpaka wakamaliza. Ni vile tu viti ni vyeupe, na yeye alikuwa akitoka jikoni. Mwanzo nilimwambia mara moja. Sikuwahi kurudia. Yeye mwenyewe alikuwa akiona gari anasonga kando."

Shee alimmiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa. Waceke akanywa yote.

"Amekasirika?"

"Twende tuangalie."

Walishuka. Ukurasa wa abiria ulikuwa na mstari mpya chini ya jina. Hali: ametulia. Kiti cha nyuma kushoto kilikuwa kimewashwa joto, ngazi ya pili. Waceke alifungua mlango, akaweka kiganja kwenye ngozi, akakiacha pale kwa muda.

"Alikuwa akiumwa na mgongo," alisema. "Miaka mingi. Nilikuwa namnunulia dawa ya kuchua."

"Nifunge ukurasa, mama?"

"Acha hivyo. Kama anasikia raha, acha."

Tangu hapo Nzula alikwenda nao kila mahali. Siku za kazi walikwenda sokoni, benki na kliniki ya macho ya Muigai. Jumapili walikwenda Mutuini, kwenye shamba alilorithi Muigai na kaka yake Haron, ambako walifuata mboga na maziwa. Redio ilijihamisha yenyewe kwenye stesheni ya Kikamba, lugha ya Nzula, wakati wa kwaya, na baada ya wiki chache Muigai alikuwa amejua viitikio vitatu. Waceke alinunua mto mdogo wa kuegemea, akauweka nyuma kushoto. Usiku wa kwanza gari lilionyesha kwamba mto uko juu mno. Asubuhi akaushusha.

Mutuini walimzoea upesi. Haron alikuja dirishani kila Jumapili, akavua kofia, akauliza habari za safari, kisha akasoma jibu kwenye dashibodi. Jirani mmoja aliyekuwa akijenga nyumba za kupangisha aliomba mafundi wake wasipige nyundo mpaka saa tisa, kwa sababu ukurasa ulisema: amelala. Mafundi wakakaa chini ya mabati wakala viazi. Ng'ombe wa Haron alipenda kuja kuegesha kidevu chake upande ule wa gari, na Waceke akamwacha afanye hivyo, ingawa aliacha ute kwenye rangi.

Alikuwa na furaha, Waceke. Aliwaambia wenzake wa kanisani kwamba nyumba yao imekuwa na amani ambayo hawakuwahi kuijua. Safari alizobebwa zilifika tisa, kisha kumi na tisa, kisha arobaini, na kila namba ilipogeuka Muigai alimwonyesha mkewe kwa kidole.

Mwanzoni mwa Novemba walimwalika Shee kula chakula cha mchana Mutuini, kumshukuru. Alifika Parklands Jumapili saa tatu, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, akaketishwa nyuma kulia. Alimsalimia Nzula kama anavyowasalimia watu wazima wa kwao, shikamoo, na ukurasa ukajibu: marahaba. Kiti cha katikati kilikuwa wazi. Mvua ya vuli ilikuwa ikinyesha, si kubwa lakini ya kuendelea.

Msichana wa kazi aliyekuja baada ya Nzula aliitwa Ivyne. Aliwafungulia geti. Ilikuwa siku yake ya mapumziko, naye alikuwa na mkoba begani na mfuko wa plastiki kichwani. Alikwenda Kangemi kila Jumapili kumwona mtoto wake, aliyelelewa na dada yake. Gari nalo lilipita Kangemi kila Jumapili. Alisogea dirishani kwa Waceke.

"Mama, naomba mnishukishe tu hapo Kangemi. Mvua inanyesha."

"Nyuma kuna watu, Ivyne. Kuna mgeni, na kuna Nzula."

"Hapa katikati pana nafasi," Shee alisema.

"Atambana mgongo," Waceke alisema kwa upole. "Na steji ya matatu ni karibu tu. Ivyne amezoea kutembea."

"Sawa, mama," Ivyne alisema, akashika geti ili gari litoke.

Ndipo mkanda wa nyuma kushoto ulipofunguka wenyewe. Mlango ulifunguka, ngozi ya kiti ikapanda, mlango ukafungwa kwa adabu. Kwenye dashibodi jina la Nzula lilififia. Ivyne alifunga geti, akaanza kutembea, na mvua ilimwangukia yeye na ikaacha upande wake wa kulia nafasi kavu, ya upana wa mtu mmoja. Alikuwa akiongea njia nzima, na mara moja alicheka.

Shee alitazama kitasa cha mlango wake. Kiti kilikuwa na joto, na yeye alikuwa mgeni. Alibaki.

"Hufanya hivyo siku hizi," Muigai alimweleza, akiendesha taratibu nyuma yao. "Kila Jumapili."

"Anapenda kunyoosha miguu," Waceke alisema. "Mtu wa kazi hawezi kukaa tu."

Walifika stejini Westlands, gari likasimama kando. Ivyne aliaga hewa kwa mikono miwili, akapanda matatu ya Kangemi. Mlango wa nyuma kushoto ulifunguka, kiti kikabonyea, maji kidogo yakadondoka kwenye zulia. Waceke alifunua mwavuli, akashuka katika matope na viatu vyake vya kanisani, akainama ndani.

"Umelowa, jamani," alisema, akampangusa Nzula kwa leso yake mwenyewe. Alimrekebishia mto. Akamfunga mkanda.