Siku Nesi Tusekile Alipokataza Kombe

Mchana wa Jumamosi ile Nesi Tusekile alijilaza kwenye kitanda cha wagonjwa, viatu miguuni na koti jeupe mwilini, akauambia usingizi umchukue popote unapotaka, mradi si hapa. Haikuwa kawaida yake, jamani. Wasichana wa Sekondari ya Ikingula, kule nyanda za juu ambako ukungu huondoka pale unapojisikia, humjua kwa kicheko chake kinachosikika hadi mabwenini. Siku hiyo kicheko kilikuwa kimemkauka, na sababu ilikuwa kombe.

Ilikuwa hivi. Redio zilikuwa zinasema habari za kirusi kipya, kinachoambukiza kwa kikohozi na kwa mate, na tayari kilikuwa kimeshaingia wilaya ya jirani. Mkuu wa Shule, Mwalimu Kihwele, alimwita ofisini akamwambia, "Nesi, maandalizi yote nakuachia wewe. Utakalosema ndilo." Naye hakulala. Aliweka ndoo zenye koki kila mlango, akagawa sabuni, akaamuru madirisha ya mabweni yafunguliwe, akasafisha chumba cha mwisho cha zahanati kiwe cha kuwapumzisha wenye homa. Yote hayo yalipokelewa vizuri. Ila jana yake timu ya netiboli ilikuwa imerudi na kombe, na Ikingula, kombe likija hujazwa togwa, shule nzima ikanywa humo humo, mdomo baada ya mdomo, kuanzia kidato cha kwanza hadi wapishi. Msichana haitwi mtu wa Ikingula mpaka siku anapokunywa humo. Basi asubuhi mstarini Nesi alisimama akatangaza, "Mwaka huu hakuna kombe. Anayebisha aje ofisini." Zulfa, kapteni wa timu, akanyoosha mkono kwa adabu. "Nesi, hata kidogo?" Nesi akamkata kauli. "Hata tone!" Wakaguna wote kwa pamoja, na tangu saa ile hakuna aliyebisha hodi zahanati. Jumamosi hiyo! Siku ambayo foleni ya vichwa vinavyouma na miguu iliyoteguka hufika hadi uani! Hapo ndipo roho ilipomruka. Kirusi kikija, atakachohitaji kabla ya ndoo na kabla ya sabuni ni msichana mwenye homa aje mwenyewe, mapema, aseme. Na sasa wanamkimbia. Saa kumi kengele ikilia alitakiwa asimame tena mbele yao, kombe tupu likiwa mezani. Akafumba macho asilione.

Usingizi ukamtua kwenye barabara asiyoijua. Viatu hakuwa navyo tena, na majani ya pembeni yalikuwa mabichi na marefu, yakinukia kama sabuni ya mche. Alitembea mpaka akaikuta nyumba kubwa isiyo na dirisha hata moja, mlango umejaa makufuli mpaka mbao hazionekani. Kabla hajabisha hodi makufuli yakafunguka yenyewe, akatoka bwana mwembamba aliyejifunga mitandio juu ya mitandio, jasho linamchuruzika, akamkaribisha kwa bashasha. "Ewaa, nesi wangu! Karibu kwako! Mimi ndiye Hofu, na leo asubuhi umenifurahisha mno." Nesi akashangaa. "Nimekufurahishaje, baba, nami hata sikujui?" Yule bwana akacheka kikavu, akamwingiza sebuleni, akamwonyesha ukutani. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yametundikwa pale, kwa mwandiko wake mwenyewe: Hakuna. Hata tone. Anayebisha aje ofisini. "Wageni wangu wote wanayasifu," alisema Hofu, akayapangusa vumbi kwa pindo la mtandio. Nesi Tusekile aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

Mara akasikia kikohozi, kile cha mtu anayejiziba asisikike. Kilitoka chumba cha nyuma, ambako kulikuwa giza na joto, na hewa nzito ya watu wengi. Humo alikaa mwanamke kijana, kichwa kimeinama, ameshikilia blanketi kubwa kwa nguvu zake zote. "Huyo ni binti yangu, Aibu," Hofu alisema kwa fahari ya mzazi. "Mimi nafunga milango, yeye anafunga midomo. Tunaelewana sana." Nesi hakungoja ruhusa. Alilishika blanketi akalivuta, na chini yake akawaona wasichana wake, wamebanana, nyuso zinang'aa kwa homa, wanakohoa ndani ya mito. Mbele kabisa alikuwa Edina wa kidato cha kwanza, yule mdogo mwenye sauti nyembamba. "Edina! Mwanangu, mbona hukuja kwangu?" Edina akaangalia chini. "Nesi, ulikuwa mkali. Tukasema, kama sisi wazima ametunyima kombe, wagonjwa je, atawafanya nini?" Maneno hayo yalimchoma. Akabaki ameshika blanketi mkononi, machozi yanamlengalenga.

Hapo mlango ukagongwa kwa kishindo. "Hodi humu! Nimemfuata mgeni wangu, amekosea nyumba." Akaingia mwanamke wa makamo, mikono ya gauni imekunjwa hadi viwikoni, maji yanamdondoka vidoleni. Hofu akajikunyata kwenye kona. "Huyu tena!" alinung'unika. Mwanamke hakumjali. Alimshika Nesi mkono, akamgeukia Aibu akamwambia kwa upole awaachie watoto wapate hewa, na ajabu ni kwamba Aibu aliwaachia, kwa sababu hajawahi kuombwa kwa upole. Wakatoka wote nje, Edina na wenzake wakifuata nyuma kwa nafasi, wanakohoa viwikoni, wanavuta pumzi kubwa kubwa. "Usijilaumu kupita kiasi, dada yangu," mwanamke alisema. "Nyumba yangu na ya Hofu ziko njia moja, na wengi wanakosea. Tena tunasikiliza redio ile ile. Ila yeye akisikia habari hufunga mlango akakaa gizani. Mimi nikisikia, huinuka nikafungua dirisha, nikachemsha maji, nikaita watu wangu tukazungumza."

Njiani wakapitwa na jamaa mmoja juu ya baiskeli, kipaza sauti kimefungwa kwenye usukani, mdomo haupumziki. "Vitunguu swaumu vya kuvaa shingoni! Majani ya kunusa! Kirusi hakipandi milima, mabibi na mabwana, nyie wa huku juu mko salama!" Nesi alikunja uso, akaokota kijiti amfukuze. Yule mwanamke, kiongozi wake wa njia, akamzuia huku akicheka. "Muache, huyo ni Uvumi. Ukimkimbiza ndiyo raha yake, atatangaza kwamba amekuogopesha. Wewe mtangulie. Waambie wasichana wako unachokijua, na usichokijua uwaambie pia kwamba hukijui. Akifika na baiskeli yake atakuta wameshashiba habari." Nesi akatupa kijiti, ingawa moyoni bado alitamani kumchapa nacho walau mara moja, mgongoni.

Kisha wakasikia ngoma. Lo! Chini ya bonde palikuwa na mto, na kando ya mto wasichana kwa mamia wananawa mikono kwa wimbo, vidole na viganja vinapigana kwa mdundo, mapovu yanaruka juu yakipasuka kwenye jua, na hakuna aliyemaliza kunawa kabla ya wimbo kwisha kwa kuwa hakuna aliyetaka uishe. Katikati alicheza mwanamke mmoja, kanga imefungwa kiunoni, anacheza kwa mabega, kwa magoti, kwa mwili wote. Alipogeuka Nesi akapigwa na butwaa. Uso ulikuwa ule ule wa kiongozi wake, pua ile ile, mwanya ule ule. Akamtazama huyu, akamtazama yule, wote wawili wakaangua kicheko. "Mama mmoja, siku moja," kiongozi akasema. "Mimi ni Tahadhari, na huyu ni Furaha, pacha wangu. Watu hutualika mmoja mmoja, wanadhani hatupatani." Furaha akaja akihema. "Akialikwa yeye peke yake, watoto wanatoroka. Nikialikwa mimi peke yangu, wanaugua. Nani kakuambia uchague mmoja wetu?" Nesi akauliza kwa sauti ndogo, "Lakini kombe je? Mdomo baada ya mdomo?" Furaha alilitoa kombe lenyewe majanini, lile lile la Ikingula, akachota maji nalo, akaliinua juu kabisa kwa masikio yake mawili, akayamimina kwenye kikombe cha plastiki alichokishika pacha wake. Maji yalishuka yakimetameta, hayakumwagika hata kidogo. Na kengele ikalia.

Ilikuwa kengele ya saa kumi. Nesi Tusekile aliruka kitandani, kicheko kikamtoka, kile chake cha zamani, mpaka njiwa wakaruka kwenye paa. Akakimbia kwanza jikoni. Mama Sanga mpishi alikuwa anaangalia masufuria ya togwa aliyoipika tangu jana, hajui aimwage wapi. "Usimwage kitu, mama! Ilete!" Alipofika mstarini wasichana walikuwa wamenuna, mikono nyuma, na kombe liko mezani linang'aa bure. "Wanangu," alisema, bado anahema, "asubuhi nilisema vibaya. Kirusi hiki sikijui chote, wala wakubwa wangu hawakijui chote. Ninachojua ni kwamba kinapita kwa mate. Togwa haina kosa, kosa ni midomo yetu kugusa pamoja. Zulfa, mikono yako ina nguvu ya kulimimina kombe?" Zulfa akamtolea macho. "Ninazo, Nesi!" "Basi nyie wengine, kila mmoja akalete kikombe chake cha uji. Na asiyenawa hapati!"

Mayowe yaliyopigwa hapo, acha tu. Vumbi lilitimka hadi mabwenini na kurudi, foleni za ndooni zikaimba wimbo ambao Nesi aliwafundisha pale pale, naye hakumwambia mtu ameutoa wapi. Zulfa alipanda juu ya benchi akaliinua kombe, togwa ikashuka kikombe baada ya kikombe, Mwalimu Kihwele naye akapanga foleni na kile chake cha ofisini, na kila aliyemiminiwa alishangiliwa kwa jina. Nesi alisimama kando akitabasamu, lakini macho yake yalikuwa yanatafuta.

Ndipo msichana mdogo akatoka kwenye mstari, akasimama mbali kidogo naye, kikombe kitupu mkononi. Alikuwa Edina. "Shikamoo Nesi," alisema kwa ile sauti nyembamba. "Mimi tangu asubuhi nasikia homa. Sikutaka kusema. Na mimi nitapata?" Nesi Tusekile alimwitikia kwa upole. "Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye utakayepata kwa heshima zote." Alivaa barakoa, akamvalisha na yeye, akampeleka chumba cha mwisho, kile chenye madirisha makubwa yanayotazama uwanja, akampima, akamfunika, akamwambia kesho watajua ni nini na leo hayuko peke yake. Kisha akarudi na kikombe cha Edina mbele ya benchi. Zulfa akaliinua kombe juu kuliko alivyoliinua kwa mtu yeyote.

Edina akainywa togwa yake dirishani, taratibu, shule nzima ikimtazama. Alipomaliza akakigeuza kikombe chini juu kuonyesha kwamba hakuna kilichobaki. "Mtu wa Ikingula!" Zulfa akapaza sauti, na uwanja mzima ukaitikia.