Rangi ya Kilima Chetu

Wewe mjukuu wangu, mgeni akikuuliza maji mnachota wapi, utamjibu nini? Sisi wa kilima cha Chonyonyo tulijibu, "Hapo tu." Ukimwambia ni mbali, na kikombe chako bado kiko mkononi mwake, ni kama unayasikitikia maji aliyokunywa.

Mwaka 1989 alikuja Placidius, mchora ramani, kijana mpole mwenye kalamu za rangi zilizochongwa mpaka zikawa fupi kama vidole vya mtoto. Ramani yake ilikuwa ya jambo moja tu, maji. Chemchemi aliiwekea nukta, njia akaichora mstari, kilima akakizungushia mpaka, kisha akakipaka rangi. Vilima vya karibu na maji njano, vya kati chungwa, vya mbali nyekundu. Vilima vyekundu ndivyo vingepelekewa bomba kwanza.

Mama mkwe wangu, Kokushubira, alimpa maji ya kunywa, akamjibu, "Hapo tu, mwanangu." Nyumba zote zikajibu hivyo hivyo. Ramani ilipobandikwa ofisi ya kijiji, kilima chetu kilikuwa cha njano kama ndizi mbivu.

"Basi bomba limekwenda kwa wenzetu," nikamwambia mama mkwe. "Na mgongo wako huo unaouma kwa kubeba maji?"

"Wee, niache. Ningemwambia nini, ayarudishe maji?"

Mimi sikunyamaza. Nilimfuata Placidius nikamwambia, "Baba, hiyo 'hapo tu' yetu, kaipime kwa miguu." Wala hakukasirika. Kesho yake asubuhi alijitwika ndoo, saa mkononi, akashuka nasi bondeni.

"Shika shingo, mchora ramani, isije ikakatika!" wanawake wakamcheka. Naye akacheka, huku maji yanamchuruzika mgongoni. Kwenda na kurudi tulitumia saa mbili na dakika kumi. Akavipima vivyo hivyo vilima vyote kumi na viwili vya ramani yake.

Alipomaliza akaketi uani kwetu, akaomba maharage. Akachora mstari mrefu mavumbini, kila kilima akakiwekea punje moja penye dakika zake.

"Nikiukata mstari huu vipande vitatu sawa," akasema, "kisu kitapita katikati ya majirani wenye shida moja. Huyu awe mwekundu, huyu chungwa, kwa tofauti ya dakika mbili tu. Tazama, mama, pale pasipo na punje. Nitakata hapo."

Mimi niliishia darasa la nne, lakini nilielewa, nikastaajabu. Namba ni zile zile, ila ukizikata ovyo, mwenye shida anapotelea kati ya wenye nafuu.

Akakipaka kilima chetu nyekundu. Kokushubira akainamisha uso, kama aliyevuliwa kitambaa cha kichwa mbele za watu.

"Mama, nimekosea?" Placidius akamuuliza.

Kokushubira akauinamisha mtungi, akamimina kikombe, akampa kwa mikono miwili.

"Hukukosea. Nataka bomba, mwanangu. Nataka nikimpa mgeni maji, nisichungulie mtungini yamebaki kiasi gani."