Tiki Nne

Jumamosi ile wanajumuiya walijaa sebuleni kwa Mama Nice, hapa Elerai, mpaka wengine wakakalia ndoo. Mama aliwasha kompyuta ili wasome maneno ya wimbo mpya. Badala ya wimbo akatokea mwanamke nusu uchi, amelala juu ya karata, muziki unalia kwa nguvu. Mama akamfunga. Akatokea mwingine. Akamfunga na huyo, ukaja ukurasa wa kubeti. Mwinjilisti akatazama dari.

"Hii kompyuta imeokoka kweli?" akauliza mama mmoja wa nyuma, na watu wakacheka kwa kuzibana midomo.

Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Sikucheka.

Nafanya kazi za ndani kwa Mama Nice mwaka wa pili sasa. Nyumbani kwetu ni Kisongo, na shule niliiacha darasa la tano. Siku ya kwanza kabisa Mama alinifundisha kufuta vumbi: inua kitu, futa, kirudishe pale pale ulipokikuta. Kilichowekwa na mwenyewe usikitoe. Nimeishi na sheria hiyo, na tangu nije hakuna kilichopotea katika nyumba ile.

Kompyuta ilikuwa ya wote, lakini aliyekaa nayo sana ni Babu Elimringi, baba mkwe wa Mama. Alikuja kutoka Machame baada ya Bibi kufariki. Alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, na sasa alikuwa anaandika habari za kanisa la kwao, nani alibeba mawe, nani alitoa mbao. Asubuhi watu wakishatoka aliniita nisome alichoandika. Alikuwa anakuza herufi kwa ajili ya macho yake, na mimi herufi kubwa zilinifaa. Nikikwama hakucheka. Alisubiri tu, anasugua magoti.

Hakuna aliyejua kwamba nasoma. Sikukatazwa. Niliona haya tu, msichana mkubwa kama mimi kusoma kwa kufuata kidole.

Jumatatu alikuja fundi Gadiel, kutoka Daraja Mbili. Alikaa, akavuta kiti, akaangalia kioo cha kompyuta kwa muda. Juu ya ukurasa wa intaneti kulikuwa na mistari mitatu ya vitufe, mmoja juu ya mwingine, mpaka sehemu ya kusomea ikabaki kama upana wa kiganja. Ukitafuta kitu, unapelekwa kwingine. Gadiel aliondoa mistari yote mitatu, akazima, akawasha. Ikarudi yote.

"Hii kitu haiji yenyewe, mama," alisema. "Kuna mtu aliikaribisha."

Akafungua orodha ya vilivyoingizwa, akasoma siku na saa. Vyote viliingia Jumanne iliyopita, saa nne na dakika kumi asubuhi. Mama akaanza kuhesabu kwa vidole. Yeye alikuwa dukani. Mumewe yuko kazini Mwanza tangu mwezi uliopita. Nice alikuwa shuleni. Alipofika kidole cha nne hakusema jina. Alikikunja taratibu, akaweka mkono mapajani.

Mimi sikupata kidole.

Babu alikuwa amekaa pale pale kwenye kochi, fimbo katikati ya magoti. Alielewa. Wote tulielewa. Mwanamke hawezi kumuuliza baba mkwe wake habari za picha zile, na Mama hakuuliza. Alimwambia tu Gadiel aendelee kujaribu, akaenda kumwaga chai ambayo ilikuwa bado ya moto. Babu akanitazama mara moja, kisha akatazama dirishani. Hapo nikajua kwamba anajua, na kwamba hatasema.

Maana Jumanne ile, saa nne, alikuwa nje anaota jua. Kabla hajatoka aliniambia nikae nisome mpaka aya ya tatu, akirudi ataniuliza. Nilisoma nikamaliza. Nikataka zaidi. Nice alishawahi kuniambia kuna programu za kufundisha kuchapa, herufi zinakuja moja moja nawe unazibonyeza. Nikaandika kwa kidole kimoja, "jifunze kuchapa", ukaja ukurasa wenye kitufe kikubwa cha kijani. Nikabonyeza. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, sikuyaelewa. Kukawa na visanduku vinne, vyote vimeshawekwa tiki. Nilivitazama sana vile. Kama tiki zimewekwa, basi mwenyewe ndiye ameziweka, na anajua kwa nini. Nikaziacha pale pale nilipozikuta. Nikabonyeza kijani tena, na tena, mpaka ikaisha.

Programu yenyewe ilifunguka kweli. Nilijifunza mstari wa kati wa kibodi, herufi nane.

Tangu Jumatatu ile sikutulia. Nilifagia uwanja mara mbili kabla ya saa tatu. Niliunguza maharage. Niliosha vikombe visafi. Kila nikipita sebuleni naona kiti cha kompyuta kitupu, maana Babu hakukigusa tena. Chakula alianza kula chumbani, akisema miguu inauma. Jumanne Mama Nice alipigiwa simu na wifi yake wa Moshi, nikasikia anajibu kwa sauti ya chini kwamba hapana, hajamwambia mtu, ila jumuiya wameona, watu wana midomo. Jioni Babu akatangaza kwamba Alhamisi anarudi Machame kwa basi la asubuhi. Nyumba ya kule ina giza na ukungu, hakuna mtu wa kumwashia moto. Mama alisema, "Sawa, baba," akiwa ameshika kitambaa cha meza. Hakumzuia.

Mara tatu nilikwenda kusema. Mara ya kwanza nilifika mlangoni pa chumba cha Mama, akaniuliza nataka nini, nikasema chumvi imekwisha. Haikuwa imekwisha. Mara ya pili nilimkuta anasali. Mara ya tatu nilifungua mdomo nikaishia kukohoa, akaniambia nikanywe maji.

Jumatano mchana Gadiel alirudi. Ameshindwa, akasema, kila akiitoa ile mistari inajirudisha. Kuna mama yake mahali, programu inayoirudisha, na huyo mama hajamwona. Babu alikuwa amesimama pale na koti lake mkononi, sanduku dogo liko mlangoni, limefungwa kwa kamba. Alikuwa anamwuliza Gadiel, kwa upole tu, kama anaweza kumtolea kwenye karatasi zile habari za kanisa kabla hajaondoka kesho. Gadiel alijibu bila kumtazama usoni. Kijana yule, ambaye Jumatatu alimwamkia Babu kwa kuinama, safari hii alisema shikamoo huku anaangalia kioo.

Nikatoka nje.

Kwenye uzio kuna isale, mmea wa majani marefu, ambalo Babu alilileta kutoka Machame, akalipanda mwenyewe. Katika nyumba ile nimeona likitumika mara moja, mdogo wake Babu, Godbless, alipokuja kumwomba radhi kwa ugomvi wa shamba. Hakuongea sana. Alishika jani tu. Babu alinieleza baadaye kwamba mtu akikuletea isale huwezi kumfukuza. Mimi si wa kwao, lakini nilikata jani moja, nikalifuta vumbi kwa kanga, nikarudi sebuleni.

Nilimpa Babu kwa mikono miwili. Mama Nice akasimama.

"Amefanya nini huyu?" akauliza. Hakuniuliza mimi.

"Ni mimi," nilisema. "Jumanne ile ya saa nne. Nilikuwa nataka kujifunza kuchapa."

Nilisema na mengine, sijui kwa mpangilio gani. Habari ya aya ya tatu, kitufe cha kijani, tiki. Nilikuwa naongea na sakafu. Nilipomaliza, Gadiel alikuwa ameshageukia kompyuta.

"Programu ya kuchapa," alisema. "Niliiona. Nikaiacha, nikajua ni ya babu, si ndiye anayeandika?"

Mama alikuwa ananitazama kama mtu aliyeingia kwa mlango ambao haukuwepo.

"Wewe unajua kusoma?"

"Polepole, mama."

Babu aligeuza lile jani mkononi. "Mimi hujanikosea, Namnyaki," alisema. "Nilijua tangu Jumatatu. Mpe mwenye nyumba."

Akanirudishia. Nikampelekea Mama, naye akalipokea, kwa sababu halikataliwi. Alisimama nalo. Alitazama sanduku mlangoni, kamba, koti. Kisha akavuka sebule na jani lile lile, akapiga magoti mbele ya baba mkwe wake, akamnyooshea kwa mikono miwili.

Babu alilichukua. Halafu akalitia kwenye mfuko wa shati na kulitundika koti nyuma ya mlango. Sanduku hakuligusa. Bado sikujua kama kesho ni Machame au ni hapa.

Gadiel aliitoa programu ile. Akazima, akawasha. Mistari haikurudi. Ndipo akafungua lile faili la mwanzo, la kuingizia programu, akisema anataka kuona waliingia wangapi, akaniita nikae kitini. Nilikaa ukingoni. Visanduku vinne vikatokea, vyote na tiki zake. Akaniwekea mausi mkononi, akaniambia ukiletewa hivi siku nyingine, unaanza kwa kuzitoa hizi.

Mkono wangu ulikaa juu ya mausi bila kusogea. Nilimtazama Mama.

"Toa," alisema. Tangu nije kwake alikuwa ananiita dada. "Toa, Namnyaki. Zote."