Kiingereza cha Kuchagua Herufi

Fundi cherehani alikuwa na binti wa kidato cha tatu, hodari wa Kiingereza. Katika mtihani wa Kiingereza unaofanywa na shule zote, alipata arobaini na nane kati ya hamsini. Fundi, mama yake, aliibandika karatasi ya matokeo ukutani, wateja waisome wakipimwa kiuno.

Jumamosi moja akaingia mgeni asiyejua neno la Kiswahili, gauni refu mkononi. Fundi akamwita binti kwa madaha. Mgeni akaeleza, akagusa goti, akagusa kifundo cha mguu, akatikisa kichwa. Fundi akamgeukia binti.

"Anasemaje?"

"Sijui, mama. Hajatoa majibu ya kuchagua."

Fundi aliona haya kuuliza zaidi. Alikuwa ameona goti likiguswa, akalikata gauni hapo. Kumbe goti ndilo mgeni alilokuwa akilikataa.

Jumatatu fundi alikuwa ofisi ya walimu, gauni begani. Mwalimu wa Kiingereza, ambaye wanafunzi walimwita Herufi, alimsikiliza katikati ya marundo ya mitihani ya zamani.

"Mama, mtihani wenyewe ni A mpaka D. Mkuu wa shule anataka wastani upande. Tukianza kupiga soga, silabasi italala."

"Sawa, mwalimu. Basi twende ukaniombee radhi kwa Kiingereza hicho hicho."

Herufi akaenda, shingo upande, binti akiwafuata. Mbele ya mgeni alikohoa, akafungua mdomo, akaufunga. Miaka saba hakuwa ameongea Kiingereza na mtu. Kazi yake ilikuwa kusahihisha viduara vya majibu. Sentensi ya kwanza ilimtoa jasho. Ya pili binti alimdakia neno. Ya tatu waliisukuma wawili kama gari bovu. Mgeni alisubiri, mwishowe akacheka, akakubali gauni liwe sketi na blauzi.

Tangu wiki ile, kila Alhamisi darasa lake lilifunga vitabu likaongea, mlango umerudishwa, mmoja akichungulia dirishani kuona kama mkuu wa shule anapita. Waliulizana bei, wakagombana, wakapatana, yote kwa Kiingereza cha kuchechemea.

Mtihani uliofuata, wastani ulishuka kwa alama mbili. Mkuu wa shule, ambaye alisomea hesabu, akamwita Herufi ajieleze. Herufi alijieleza kwa Kiingereza, dakika nzima, bila kusita popote.

Mkuu aliambulia maneno mawili, labda matatu. Akasema atalifikiria jambo hilo, na mwalimu afunge mlango akitoka.