Dole Gumba la Mzee Saburi

Miaka minne Munira alikuwa na mimba ya mto. Mto wenyewe ulikuwa mali ya shirika, umeandikwa namba ya ofisi ubavuni, na kila kikundi chao cha maigizo kilipokwenda vijijini kuonyesha mchezo, alitia sahihi kuuchukua, akatia sahihi kuurudisha. Mwaka huu akapata mimba ya kweli. Akaurudisha mto stoo kwa furaha, na mimba ilipotimiza miezi saba akaenda kwa mratibu kuomba likizo ya uzazi.

Mratibu, Catherine, hakuwa mtu mbaya. Alimpisha kiti, akampa maji, kisha akamweleza kwa upole kwamba wasanii si waajiriwa, ni wanaojitolea. Na anayejitolea hana likizo, kwa sababu hana kazi ya kupumzika.

"Mungu akujalie ujifungue salama," alisema. "Nafasi yako tutampa mwingine. Mto si upo?"

"Na mimi nikirudi?"

"Tutaangalia."

Weee! Ukiambiwa tutaangalia kwenye ofisi za Nachingwea, jua wameshaangalia. Munira alitoka pale mikono mitupu. Kazi ile aliipenda, na nyingine hakuwa nayo.

Ndipo Selestini, mwenzake wa kikundi, akampigia simu katibu wa chama cha wafanyakazi kule Lindi. Katibu akasema tawi lao hufunguliwa na watu kumi, kila mmoja ajaze fomu kwa hiari yake. Tawi likiwepo, chama kitakaa mezani na shirika kudai mikataba, na likizo ya Munira itakuwa ya kwanza. Kikundi kizima kilikuwa na watu kumi. Tisa walijaza siku moja, wakipokezana kalamu kwenye benchi la muuza chapati. Wa kumi alikuwa Mzee Saburi.

Mzee Saburi alikuwa mkulima wa Mkotokuyana, mpiga ngoma, na kwenye mchezo ndiye mume wa Munira. Alimzidi miaka thelathini na minane, wala hakuna mtazamaji aliyewahi kushangaa. Mchezo ulihusu kangomba, ule ununuzi wa korosho zikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kumkomoa mwenye shida. Mnunuzi, yaani Selestini ndani ya miwani ya jua, humletea mkulima karatasi asiyoweza kuisoma. Mke mjamzito humsihi: "Baba Hajra, usisaini!" Mume humsukuma kando, huweka dole gumba, na mikorosho yote inakwenda. Mzee Saburi alikuwa ameweka dole gumba mara mia mbili na kumi na mbili, na mara zote hizo alinyang'anywa shamba.

"Siweki," alisema alipoletewa fomu.

"Babu, hii ni ya chama," Munira alimwambia.

"Hata ile huwa ni ya kitu."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, hilo tunalijua. Lakini mzee huyu hakuumwa, aliigiza kuumwa! Shirika lilikuwa limezunguka Nachingwea na Ruangwa nzima likitafuta mtu mmoja aliyebadilishwa na mchezo ule, wa kumwandika kwenye ripoti, kumbe mtu huyo ndiye anayewapigia ngoma.

"Mzee wetu, kidole kimoja hakivunji chawa," Selestini alimbembeleza.

"Basi mvunjeni kwa hivyo tisa vyenu."

Munira alimfuata mpaka nyumbani. Alikaribishwa ugali, akaongezewa mboga, na fomu ikarudi tupu.

Likabaki onyesho moja, Ijumaa, Mbekenyera. Jumatatu Catherine angeanza kumfundisha mwingine kuvaa mto. Asubuhi ya Ijumaa Selestini alimvuta Munira pembeni.

"Dada, dawa nimepata. Leo jukwaani nampelekea fomu yenyewe. Pale huwa habishi."

Munira alipaswa kukataa. Hakukataa. Alisema tu, "Mungu atusamehe," akajifunga kanga.

Walianza baada ya swala, uwanja umejaa wakulima, Catherine amekaa mbele kwenye kiti cha plastiki. Selestini akatoa karatasi, akainama ili mgongo wake uwe meza, kama siku zote. Munira akaiona nembo ya chama pale juu. Mzee Saburi akachovya dole kwenye wino. Sasa neno lilikuwa la Munira. Alijua akilisema kama siku zote, mzee atamsukuma kama siku zote, na kazi yake itapona. Akamtazama mtu huyu aliyeuamini mchezo kuliko wote walioucheza, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Usisaini," alisema, na sauti haikuwa ya mchezo. "Babu Saburi, usisaini. Hujasomewa."

Mzee akasimama, dole juu, wino unadondoka. Selestini akavua miwani, jambo ambalo mchezoni halikuwemo kabisa.

"Nisomee, basi," mzee alisema.

Munira akaisoma yote, mbele ya Catherine na mbele ya Mbekenyera. Akasoma kwamba anayeweka alama hapa anajiunga kwa hiari, na akitaka kutoka anatoka.

"Anatoka?"

"Imeandikwa."

"Kangomba haina hiyo," mama mmoja alisema kutoka nyuma, na watu wakamkubalia.

"Shamba linakwenda wapi?" mzee aliuliza.

"Hakuna shamba, babu. Kuna kazi yangu. Jumatatu anapewa mwingine kwa sababu nazaa. Leo nilitaka kukuibia dole lako. Nisamehe."

Mzee Saburi aliichukua karatasi, akaitazama muda mrefu, akamrudishia Selestini.

"Mgongoni kwa mtu sisaini," mzee alisema. "Leteni meza."

Catherine akainuka. "Ndugu wananchi, mchezo umekwisha, ahsanteni sana." Hakuna aliyeondoka. Mama lishe mmoja aliondoa sahani zake, akapangusa meza kwa upindo wa kanga, watu wakaipitisha juu ya vichwa mpaka katikati ya uwanja. Wino ulikuwa umekauka, mzee akachovya upya. Akalikandamiza dole gumba taratibu, akaliacha pale mpaka aliporidhika, kisha akamgeukia Munira.

"Haya, mama," alisema. "Nenda ukazae. Halafu urudi."